Mistari Minne Niliyoikata

9 Januari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeketi penye mwanga, miwani puani, na si umeinama juu ya cherehani kama ilivyo desturi yako. Sisi huku hatujambo. Baba anakusalimu kwa mdomo uliovimba upande mmoja. Jino lake la nyuma limemtesa wiki nzima, lakini kila nikimtajia daktari wa meno anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Nilimkumbusha, kwa heshima zote, kwamba binti yake ni daktari. Akanijibu kwamba mimi ni daktari wa damu, na jino si damu.

Nakuandikia kwanza kukupa habari njema. Daktari bingwa, mkuu wa wodi yetu, amenikabidhi mimi, mwenye miezi kumi na sita tu tangu kuhitimu, kazi ya kuandika mwongozo wa kuwaongezea damu wagonjwa ambao uboho wa mifupa yao hautengenezi damu ya kutosha, yaani wagonjwa kama wewe. Hadi leo kila daktari huamua aonavyo. Huyu hutoa mfuko kipimo cha damu kikishuka hadi nane, yule hungoja sita, na wa tatu humtazama mgonjwa usoni kama anayechagua nyanya sokoni. Mwongozo wangu utaweka mpaka mmoja: damu ikishuka chini ya saba, mgonjwa aongezewe, ikiwa saba au zaidi, angoje. Kwanza, mifuko ya damu ni michache na wahitaji ni wengi. Pili, kila mfuko huacha madini ya chuma mwilini, na chuma kikirundikana huumiza ini na moyo. Tatu, mwili unaopokea damu ya watu wengi huweza kujijengea kinga dhidi yake, ikawa vigumu baadaye kumpatia mgonjwa damu inayomkubali. Kazi hii ikifana, jina langu litapelekwa kwenye nafasi ya masomo ya ubingwa.

Kuna jambo dogo linalonikera. Daktari bingwa anataka ukurasa mmoja, wa kubandikwa ukutani. Wangu umezidi kwa mistari minne, na kila sentensi naiona ya lazima. Wewe uliyenifundisha kuandika insha juu ya meza ya kukatia vitambaa, unanishauri nini?

Mwisho, naomba kipimo chako cha damu cha hivi karibuni. Namba tu inatosha.

Wako mtiifu,
binti wa kaka yako


24 Januari

Hoja Tatu wangu,

Marahaba. Nilipofungua bahasha nilikutana na kwanza, pili, tatu, nikajua ni wewe kabla sijaifikia sahihi. Ulikuwa na miaka sita ukaniomba kwenda kucheza nje kwa hoja tatu, mojawapo ikiwa kwamba jua ni zuri kwa mifupa. Nilikuruhusu kwa hofu tu ya kusikia ya nne.

Mwambie kaka yangu ang'oe hilo jino. Tulipokuwa tukichanjwa utotoni, mimi ndiye niliyemshika mkono, na mimi ni mdogo kwake kwa miaka minne. Mwambie mbele za watu.

Mimi mzima. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu yangu imeharibika. Inaita, ila sauti haitoki sawasawa. Usihangaike kutuma nyingine. Barua naipenda, inasomeka mara mbili.

Kuhusu mistari yako minne: kitambaa kikizidi, hukatwa. Fundi anayeona huruma kupoteza kipande humshonea mteja gunia. Kata, mwanangu, upate ukurasa wako.

Namba ni nane nukta mbili. Mwezi wa Novemba ilikuwa hapohapo, na nesi wa kliniki aliniangalia tu nilivyoingia mlangoni, akaniitia daktari, nikatundikiwa mfuko mmoja. Siku tatu baadaye nilikuwa napanda kwenda nyumbani huku naimba, na unajua karakana yangu iko chini kabisa, chumba changu kiko juu kabisa, na katikati pana vidato arobaini na viwili. Hadi leo hakuna daktari aliyenieleza ugonjwa huu nikauelewa, kwa hiyo nimejieleza mwenyewe: cherehani inazunguka, sindano inapanda na kushuka, kelele ni zilezile, lakini bobini haina uzi.

Mtunza jengo, ambaye wapangaji wote tunamwita Gavana kwa jinsi anavyotembea, amenigombeza kwa kuchora chaki kwenye ngazi zake. Nimemwambia ni mambo ya kazi.

Shangazi yako


6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika jana, nami naharakisha kuijibu nikiwa bado na koti la wodini mwilini. Salamu zako nilizifikisha kwa Baba mbele ya majirani wawili, kama ulivyoagiza. Amenuna, na jino bado analo.

Nimekata. Nilisoma ushauri wako asubuhi, na kufikia adhuhuri ukurasa ulikuwa mmoja, safi, wenye pambizo sawa pande zote. Daktari bingwa aliusoma akiwa amesimama, jambo ambalo wenzangu wananiambia ni dalili njema, kisha akasema, "Hapa hakuna mwanya wa mtu kubabaisha." Shangazi, nilirudi wodini nikitembea kama huyo Gavana wako. Mwongozo utapelekwa katika hospitali zote kumi na moja za shirika letu, ikiwemo hiyo unayotibiwa wewe. Hautakuwa na jina langu, bali jina la kamati. Lakini wewe utajua.

Nane nukta mbili ni namba nzuri, nami nimefarijika sana. Endelea kunitumia kila baada ya kipimo.

Wako mtiifu,
binti wa kaka yako


11 Machi

Hoja Tatu,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Nina sare za wahudumu wa hoteli, thelathini na sita, na kila mmoja anataka mfuko wa siri mahali pengine.

Karatasi yako nimeiona. Imebandikwa kando ya dirisha la dawa, kwenye kioo, haina hata kona iliyokunjamana. Jina halipo, kama ulivyosema. Mimi nilihesabu tu: kwanza, pili, tatu. Nilitaka kumwambia aliyeketi karibu nami kwamba aliyeandika haya alikojoa kwenye meza yangu ya kukatia akiwa na mwaka mmoja. Nikajizuia kwa heshima ya kamati.

Kliniki safari hii sikukaa sana. Hawakuwa na la kunifanyia.

Namba ni saba nukta nane.

Mvua imenyesha. Gavana ameweka magunia mlangoni. Msalimie kaka yangu na shavu lake.

Shangazi yako


19 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako kwa fahari kubwa, hasa hapo penye kioo cha dirisha la dawa, ingawa kumbukumbu ya meza naomba ibaki kati yetu. Baba hajambo. Amegundua kwamba maji ya chumvi hupunguza maumivu na sasa anajiona tabibu.

Nina habari nyingine. Tarehe 28 Aprili wakuu wa hospitali zote kumi na moja watakutana hapa kwetu, nami nimeteuliwa kuusoma na kuutetea mwongozo mbele yao. Wajumbe wa nafasi ya masomo watakuwepo. Nimeanza kujizoeza mbele ya kioo, na Baba hunipigia makofi kwa mkono mmoja, wa pili ukiwa shavuni.

Lakini kuna mambo yamenikaa moyoni na hayataki kutoka. Jumapili Baba alikupigia simu. Iliita, ukapokea, tukasikia kitu kama mtu anayepuliza moto wa mkaa, kisha ikakatika. Halafu nikaitazama tena barua yako. Wino unabadilika rangi kila baada ya mistari miwili au mitatu, kama ya mtu anayeweka kalamu chini na kuiokota baadaye. Na wewe, ambaye sentensi zako hazijui kituo, umeniandikia kuhusu mvua kwa maneno mawili.

Saba nukta nane ipo juu ya mpaka. Kwa mujibu wa mwongozo uko salama. Hata hivyo naomba unijibu maswali mawili: simu imepatwa na nini hasa, na je, unachoka?

Wako,
binti wa kaka yako


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, marahaba. Hongera ya mkutano. Vaa lile gauni la bluu, si la kijivu. La kijivu linakufanya uonekane kama unaomba mkopo.

Simu ni mbovu, nilishasema.

Nikuulize mimi jambo la kikazi. Wiki hii nimepima wateja wawili wa kiuno kimoja kabisa, hata nusu sentimita hawakuachana. Mmoja anakaa dirishani anauza stempu. Mwingine ni mpaka rangi, anapanda na kushuka ngazi siku nzima na makopo mkononi. Nikiwashonea sketi moja, wa stempu atanishukuru na wa rangi ataichana kabla ya saa sita. Ndiyo maana nikishapima huuliza, "Utaivaa kwenda wapi?" Sijui kama kwenye udaktari mnauliza. Nimeuliza tu.

Namba ni saba nukta sita. Bado juu ya mpaka wako.

Gavana sasa ana wivu na chaki yangu. Kila asubuhi anakuja kuiangalia kabla hata ya kufagia.

Shangazi yako


14 Aprili

Kwa Daktari,

Salamu. Maneno haya ni ya shangazi yako. Mwandiko ni wangu mimi, mtunza jengo. Anasema niandike kwamba amejichoma kidole na sindano, ndiyo maana hashiki kalamu. Nimeandika. Vidole vyake nimevitazama vyote kumi, havina kitu.

Anasema: Hoja Tatu wangu, mimi mzima, kazi ni nyingi. Anasema hilo la vidole nilifute. Natumia kalamu ya wino, halifutiki.

Anasema: jino la kaka yangu je? Anasema namba ni saba nukta nne. Anapumua kwanza. Nasubiri.

Amesinzia kitini, kwa hiyo sasa naandika yangu, haraka. Daktari, mimi si mchongezi. Nimekaa kwenye jengo hili miaka kumi na tisa na siri za wapangaji zote ninazo tumboni. Hii imenishinda.

Ile chaki nilidhani ananichafulia ngazi. Kumbe kila akipanda, pale pumzi inapomwishia ndipo anapochora mstari. Januari mstari ulikuwa kidato cha thelathini. Februari ishirini na mbili. Machi kumi na tano. Nimeacha kuifuta, naogopa kuifuta. Jumanne iliyopita nilimkuta ameketi kidato cha kumi na moja, mkono kifuani, midomo imepauka kama hiyo chaki yenyewe. Nikamwambia, "Mama, twende hospitali." Akaniambia, "Gavana, usinitangaze." Alisema kifua kinambana kama nguo ya mtu mwingine. Huko juu hajarudi tena. Analala karakanani, juu ya meza ya vitambaa, siku ya tano hii.

Simu yake haina ubovu. Hataki usikie anavyohema.

Kliniki nimempeleka mwenyewe mara mbili. Daktari kijana alimsikiliza, akatazama karatasi iliyo kwenye kioo, akasema mpaka ni saba, mama ana saba na ushei, arudi ikishuka. Nikafungua mdomo nimjibu, shangazi yako akanikanyaga mguu. Tulipokuwa tunatoka aliipitishia kiganja ile karatasi, polepole, kama anayelaza nywele za mtoto. Nikamuuliza, "Hiyo karatasi ina nini?" Akasema, "Imepangwa vizuri."

Mimi sijasoma sana, lakini nimehesabu zile hoja. Ni tatu.

Ameamka. Anauliza mbona nimeandika kurasa mbili kwa salamu. Nimemwambia nina mwandiko mkubwa.

Gavana


18 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimekaa kuandika barua hii mara nne na mara nne nimesimama. Barua naituma kwa basi la asubuhi. Posta siiamini tena, wala siyaamini maneno yako "mimi mzima".

Niliposoma barua ya Gavana nilikimbilia simu ya wodini nikampigia daktari wa kliniki yako. Nilimwambia mimi ni daktari mwenzake na nina ndugu anayetibiwa pale. Nikamweleza kuhusu kifua, kuhusu ngazi, kuhusu meza. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Daktari, nakuelewa sana, lakini mimi nafuata mwongozo. Umeandikwa vizuri mno, hauachi mwanya." Hakujua anazungumza na nani. Nilimshukuru. Shangazi, nilimshukuru, nikakata simu, nikabaki nimeushika mkonga kama mtu aliyesahau alikuwa anataka kuongea na nani.

Sasa nikueleze ile mistari minne ilisema nini, maana sikuwahi kukuambia. Ilisema kwamba namba ni mwanzo tu wa mazungumzo. Ilisema mgonjwa aulizwe anachoka akifanya nini, na moyo wake uchunguzwe. Ilisema mwenye dalili apewe mfuko mmoja hata akiwa juu ya saba, kisha aulizwe tena baada ya siku chache. Ilisema asipoona tofauti yoyote, asirudiwe, bali itafutwe sababu nyingine ya uchovu wake. Niliikata hiyo kwa sababu haikuwa na namba ndani yake, na mimi niliona kitu kisicho na namba ni mapambo. Hoja zangu tatu zote ni za kweli hadi leo. Nilizipanga vizuri kiasi kwamba hapakubaki nafasi ya mtu kusema, "Nimechoka."

Nilikwenda kwa daktari bingwa saa hiyohiyo. Aliandika kibali cha mgonjwa mmoja, kwa mara moja, akatia sahihi. Kimo ndani ya bahasha hii. Alipokuwa akinikabidhi alisema, "Nakusaidia kwa sababu ni damu yako. Lakini tarehe 28 usinitibulie. Mwongozo ukianza kuwa na 'isipokuwa', haubandikiki." Nimeitikia. Sijui nimeitikia nini.

Peleka kibali kesho. Kesho, tafadhali.

Kwa nini hukuniambia?

Binti yako


23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mkono huu ni wangu. Nitaandika kidogo kidogo, na wewe usinihesabie wino.

Unauliza kwa nini. Uliniomba namba tu. Zote nilikupa, na hakuna hata moja niliyoipunguza. Halafu, nilikuwa nimekusikia ukitembea kama Gavana kwenye barua, nikasema wacha atembee.

Na kosa si lako peke yako. Mimi ndiye niliyesema kata. Nikasahau kukwambia kitu ambacho hata mwanafunzi wangu wa kwanza alikijua: unapokata unaacha akiba ndani ya mshono, vidole viwili hivi, haionekani kwa nje. Mwenye nguo akibadilika, unafumua unamwachia. Nguo isiyo na akiba inapendeza siku ya kwanza tu.

Kibali nimekipata. Nimekiweka kwenye kopo la vifungo.

Usipige kelele. Sikiliza. Kliniki huwa nakaa na mtu mmoja, mkata tiketi wa stendi, ana ugonjwa huuhuu. Yeye ana saba nukta tatu. Amepunguziwa zamu kwa sababu hawezi kusimama saa mbili. Ananitania, anajiita mdogo wangu wa damu kwa kuwa namba yake iko chini ya yangu. Hana mtoto wa kaka aliyesomea udaktari. Nikipita mbele yake na karatasi yenye sahihi, nitamwambia nini? Kwamba yangu ni damu na yake ni maji?

Hadi tarehe 28 ni siku tano. Sipandi popote, sibebi kitu, nashona vifungo tu nikiwa nimekaa. Kifua kikibana tena nitakitoa hicho kibali, nakuahidi. Lakini kama unataka nitundikiwe damu, nitengenezee karatasi ambayo na yeye ataingia.

Shangazi yako

NIMEKIONA KIBALI KOPONI. ANAKATAA. NIMEMGOMBEZA HADI WAPANGAJI WAMETOKA NJE. MIMI SIMO. — Gavana


29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Baba anakusalimu kwa mdomo mtupu upande wa kushoto, nitakueleza.

Nilivaa la bluu. Ukumbi ulikuwa na viti vya mbao vinavyolia kila mtu akijisogeza, na wakuu kumi na mmoja walijisogeza sana. Nilisoma mwongozo wote hadi mwisho. Walipiga makofi. Daktari bingwa alikuwa tayari ameinuka kunishukuru, nikasema, "Naomba nisimalize." Akakaa. Kiti kikalia.

Nilikuwa nimetayarisha hoja tatu, Shangazi, kwenye kadi, kwa mpangilio mzuri. Nilipozitazama niliona mbili ni za kujitetea. Nikaziweka chini. Nikawaambia kwamba karatasi waliyoipigia makofi ilimrudisha nyumbani mara mbili mwanamke anayebanwa kifua, na kwamba aliyemrudisha hakukosea hata neno moja, alitii. Nikawasomea mistari minne niliyoikata.

Daktari bingwa hakuinua sauti. Aliniuliza, "Daktari, mgonjwa huyu ni nani wako?"

Nikasema, "Ni shangazi yangu. Wa pili anakata tiketi stendi, simjui hata sura. Shangazi amekataa kutibiwa kabla yake."

Mkuu wa hospitali moja, mama mmoja mnene mwenye miwani shingoni, akauliza damu ya kuwatosha hao wenye dalili itatoka wapi. Nilimwambia sijui yote, ila najua tunatoa mifuko miwiliwili kwa mazoea pale ambapo mmoja ungetosha, na tunairudia kwa watu ambao hatujawauliza kama iliwasaidia. Mjadala ulichukua saa mbili. Walikubaliana kwa kura saba dhidi ya nne. Daktari bingwa, aliyepiga kura kwa niaba ya mkuu wa hospitali yetu, alikuwa miongoni mwa wale wanne. Aliponipita mlangoni alisema, "Kurasa mbili hazitakaa kwenye kile kioo." Nikamwambia zitakaa, nimepigiwa simu na Gavana, ameshakipima kwa futi kamba yako.

Nafasi ya masomo amepewa mwenzangu. Anastahili. Nimelia kidogo kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kisha nikaona aibu, kisha nikalia tena.

Mwongozo mpya umetumwa leo asubuhi kwa hospitali zote. Nimeongeza swali moja juu kabisa, kabla ya namba yoyote. Utalitambua. Sitakudanganya kwamba damu itakuponya. Uboho utabaki ulivyo, kila mfuko utaleta chuma chake, nasi tutakuwa tunakipima. Huenda itafika siku mfuko hautasaidia, na siku hiyo nataka uniambie wewe, siyo maabara. Lakini kwa sasa nenda kliniki. Mchukue na mdogo wako wa damu.

Tangu jana sijatulia mahali pamoja. Baba alinivumilia hadi jioni, kisha akasema, "Twende basi kwa huyo wa meno, angalau upate kitu cha kufanya." Nilimshika mkono. Ameng'oa.

Binti yako


14 Mei

Hoja Moja wangu,

Marahaba! Mwambie kaka yangu nimeisoma habari ya jino nikiwa kliniki, kwa sauti, na watu wasiomjua wamempongeza.

Kurasa mbili zimekaa kwenye kioo, ya pili imefunika tangazo la kupotea kwa mwavuli. Daktari kijana alivuta kiti, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasoma lile swali la juu kabisa kama mtu anayesoma ubao wa macho: "Damu hii utaitumia kwenda wapi?" Nilicheka hadi nikakosa pumzi, akashtuka, akaandika kwamba nina dalili.

Mkata tiketi alipata mfuko siku moja na mimi. Wiki iliyofuata alisimama zamu nzima, na sasa ananiambia amenizidi, nimwite kaka. Mwenzetu wa tatu, mama wa bustani, hakuona tofauti yoyote, kwa hiyo hawakumrudia, wanachunguza kwingine. Amenuna kidogo, lakini wamemuuliza, na hilo amelisema mara tatu. Mimi wamenipima moyo na hicho chuma chako. Nitarudi tarehe tatu.

Kuhusu yale masomo: umelia, umelia tena, inatosha. Karatasi yako ya kwanza nilimwomba nesi asiitupe, ninayo. Nakunja vipande vya kola kwa kuifuatisha, ina kona nzuri.

Sasa nikupe taarifa rasmi. Jumatatu nilihama mezani. Gavana alinifuata nyuma, mikono ameitanua kama anayemsubiri kuku. Kidato cha kumi na moja nikapita. Cha kumi na tano nikapita. Cha thelathini Gavana alianza kuhema yeye, akashika ukuta. Nilifika cha arobaini na mbili, nikasimama mbele ya mlango wangu, nikatia mkono mfukoni, nikakuta ufunguo nimeuacha chini, karakanani, ndani ya kopo la vifungo.

Gavana akasema, "Kaa hapo, Mama, naufuata."

Nikamwambia, "Hata kidogo." Nikashuka, nikauchukua, nikapanda tena. Njiani nilipumzika mara moja tu, na sikuchora.

Mwandikie daktari kijana, kwenye nafasi ya jibu chini ya swali lako: ameitumia kufuata ufunguo.

Shangazi yako

Simu imepona. Nipigie.